Kitenzi cha Saa Kumi na Moja

3 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri, na kwamba mgomo wa sikio lako la kushoto haujaambukiza la kulia. Mke wangu ameniambia simu umeikataa kabisa, kwa hiyo tutaandikiana. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo inapanda ngazi nyingi kuliko ilivyozoea.

Umeuliza kazi yangu ni nini hasa. Nimeajiriwa kuamsha watu. Usicheke. Kiwanda kinakata na kufungasha kuku, na wafanyakazi wake wanalala katika jengo moja nyuma ya uzio: vyumba thelathini na viwili, wawili wawili. Zamani kulikuwa na king'ora. Majirani wakalalamika mpaka kikapigwa marufuku. Sasa king'ora ni mimi.

Naanza saa kumi na moja alfajiri, ghorofa ya chini. Nabisha, nafungua, nawasha taa. Sheria yao ni kwamba mtu hahesabiwi ameamka kwa sababu tu ameitikia. Mtu anaweza kuitikia vizuri sana huku amelala, tena kwa adabu. Anahesabiwa nikiona miguu yake miwili sakafuni. Hapo nachora mstari wa chaki mlangoni. Ikitimia mistari miwili, nahamia mlango unaofuata. Saa mbili, watu wameshaingia kazini, msimamizi anapita kukagua chaki. Hana haja ya kukagua watu.

Mkataba wangu ni wa Kiingereza na nimeuelewa nusu. Kuna neno linarudi mara tano: rouse. Nilimwuliza msimamizi, akasema, "Ndiyo kazi yako hiyo, nenda kaifanye." Unayo ile kamusi yako iliyochanika mgongo, naomba unitazamie. Mkataba unaisha Septemba. Ukiongezwa, naruhusiwa kuwaleta mke na mtoto. Ningependa kujua nimekubali nini.

Mwanao.

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Mtoto ana jino jipya na anang'ata nalo kila kitu, hata magazeti yangu, ambayo kwa kweli yanastahili.

Nimeifungua kamusi. Mstari wa kwanza unasema: kumwamsha mtu usingizini. Sawa. Mstari wa pili unasema: kuwatia watu moto, kuwatoa katika uzembe, kuwafanya wasimame. Nimeusoma huo mara nne, nikiwa nimesimama mwenyewe. Hebu fikiria! Kampuni imemwajiri mwanangu mimi, kwa maandishi na kwa mhuri, awaamshe wafanyakazi wake! Mabwana hao hawasomi hata wanachoandika.

Nimesoma vitabu vingi kuliko walivyosoma wakurugenzi wako wote wakikalishwa meza moja, na nitakuambia jambo moja nililolipata humo. Watu wanadhani dhuluma inalindwa na askari. Uongo. Askari ni wachache na wanachoka. Dhuluma inalindwa na watu wanaorudi kulala. Mtu anajua kabisa anaibiwa, anageukia ukutani, anajifunika. Asubuhi anamsalimia mwizi.

Unakijua nilichofanya kiwanda cha nguo. Karatasi moja ya madai, majina thelathini na moja chini yake, kulipokucha nakala zimebandikwa kila mlango. Ndiyo, tulifukuzwa wote. Lakini siku ile wenye kiwanda walitujua kwa majina, si kwa namba za mashine. Sijawahi kujuta hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kwa hiyo usiniletee habari za chaki. Una kitenzi mkononi. Kitumie.

Baba yako.

14 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa magazeti. Afya yangu haina tatizo. Nimenunua viatu vyenye soli laini, na watu wa chumba cha kwanza wananilaumu kwamba siku hizi hawanisikii nikija.

Asante kwa mistari yote miwili ya kamusi. Mimi ninalipwa kwa ule wa kwanza.

Nimeanza darasa la Kiingereza, kila Alhamisi jioni, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Mwalimu ni mama mstaafu wa posta. Anataka kila mtu alete neno kutoka kazini kwake na kulitumia mbele ya wenzake. Mfagia barabara alileta jina la aina ya ufagio. Mpishi wa hoteli alileta tusi, akaambiwa arudi nalo. Mimi nikasimama nikasema kwa Kiingereza kwamba kila asubuhi nawa-rouse watu sitini na wanne. Mpishi akaniuliza, "Wewe ni mhubiri au unagombea?" Mwalimu akasema, "Akifikisha mia watamkamata." Wakacheka mpaka mlinzi akachungulia.

Baadaye mwalimu alinieleza kwamba katika mazungumzo ya kawaida neno hilo watu hawalitumii sana. Utalikuta kwenye amri za jeshi, kwenye vyeti vya wagonjwa na kwenye hotuba. Nikamwuliza kwa nini basi liko kwenye mkataba wangu. Akasema, "Kwa sababu aliyeuandika hajawahi kuamsha mtu." Nikamwambia lugha yetu nayo hutumia neno moja kwa kazi zote mbili, na kwamba nina baba ambaye hufanya ya pili tu. Akasema angependa kukutana nawe, lakini si mapema asubuhi.

Chumba cha kumi na tisa kuna mtu tunamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Yeye huanza kuongea kabla sijawasha taa. Jana alitoa sauti chini ya blanketi: "Mwamshaji, mguu mmoja uko tayari. Mwingine umeandika barua ya kujiuzulu, tunasubiri majibu." Nikamwambia majibu yametoka, ombi limekataliwa. Ndiyo mazungumzo yangu ya kwanza ya kila siku, na mara nyingi ndiyo bora.

Jambo la kiwanda cha nguo, Baba, sitaki tulirudie. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mtoto wa Fundi Mitambo alihama dawati letu wiki ile na hakurudi, na baba yake, rafiki yako aliyekuwa kwenye karatasi ile, anakaa mitaa miwili kutoka nyumbani na hamsalimiani mpaka leo. Maneno yako ya kikombe cha chai niliyajua kabla hujaniandikia.

Mwanao.

21 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi mwili hauna neno.

Jumanne iliyopita Kimya alipata ajali. Alikuwa na homa tangu Jumapili. Nilipofungua mlango hakusema kitu, na hapo nikajua anaumwa kweli. Nilimgusa paji la uso, nikamwambia abaki alale, nikaenda kumwita msimamizi. Msimamizi alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Miguu iko wapi?" Kimya akashusha mmoja. Akapumzika. Akashusha wa pili. Msimamizi akanitazama. Nikachora mstari.

Saa tatu aliangukia mkanda wa kukatia. Vidole vitatu, mkono wa kulia.

Siku ya pili niliitwa ofisini nikapewa karatasi. Inasema kwamba nilimwamsha kwa utaratibu wa kawaida, aliamka kwa hiari yake, na alikuwa mzima. Kitenzi changu kimo humo, mstari wa kwanza, na safari hii sikuhitaji kamusi. Nikitia sahihi, ajali inakuwa uzembe wake: atatibiwa mpaka kidonda kifunge, kisha atarudishwa kwao. Nisipotia, wamenieleza kwa upole kabisa kwamba hawaoni jinsi mkataba wangu utakavyoongezwa, na kwamba hata Septemba ni mbali. Nimepewa mpaka tarehe 15 Mei, siku ya kikao cha bima juu ya ajali hiyo.

Usinihutubie. Niambie tu ungefanya nini kama ungekuwa na mke na mtoto wanaokuuliza wanakuja lini.

Mwanao.

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo kwa mwili. Kwa roho ni habari nyingine.

Umesema nisihutubie. Basi nitasema kwa kifupi: USITIE SAHIHI. Umeniuliza ningefanya nini kama ningekuwa na mke na mtoto. Nilikuwa nao! Mtoto mwenyewe ni wewe!

Wanakutaka uandike kwamba mtu alisimama kwa hiari yake wakati amesimamishwa. Huo ndio uongo ambao nyumba yao yote imejengwa juu yake. Ukiwapa sahihi hiyo, hujawapa vidole vitatu tu, umewapa mkono wa kila mtu aliye katika jengo lile.

Na kukataa peke yake hakutoshi. Wewe hujaona ulichokishika. Mlango usipobishwa, mtu hatoki. Mtu asipotoka, mkanda hauna wa kuusimamia. Siku moja tu! Kaa chini, kunja mikono, waache walale. Wala usiulize mtu. Ukianza kuuliza, mmoja ataogopa, wa pili atapeleka maneno ofisini, wa tatu ataomba apewe muda wa kufikiri, na fikra za namna hiyo huwa haziishi. Watu wakishaona wamefanya, ndipo hugundua kwamba walitaka. Mimi najua. Nimeshafanya.

Baba yako.

(Mwenzangu, nimepewa nafasi hii ndogo huku chini. Anaandika huku anazunguka sebule na mtoto anamfuata kwa nyuma, anadhani ni mchezo. Mimi juu ya kitenzi sina maoni. Juu ya karatasi ninayo: kama nafasi yangu ya kuja huko ni vidole vya mtu, nitabaki hapa, kitanda hiki kinanitosha. Hilo la milango sijalielewa vizuri. Mkeo.)

20 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nina uvimbe juu ya jicho. Utakuja kuuelewa.

Karatasi sijaitia sahihi. Mwambie mke wangu alichoandika kilinitosha.

Tarehe 14 sikubisha. Niliamka saa ile ile, nikavaa, nikachukua chaki, nikakaa kwenye ngazi ya ghorofa ya chini. Sikumwambia mtu, kama ulivyoagiza. Kulikucha. Baba, sijawahi kulisikia jengo lile likiwa limelala. Huwa nalivunjia usingizi kabla sijalisikia. Walikuwa wanakoroma kila mmoja kwa mtindo wake, na mtu wa chumba cha saba alikuwa anaota na kumsifu mtu fulani. Kwa muda wa saa moja nilidhani nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya.

Saa moja na robo mtu mmoja aliona jua. Akapiga kelele. Milango ikafunguka yote, watu wakashuka suruali mkononi, wakanipita pale pale kwenye ngazi, wengine wakaniruka. Walifika getini wakakuta limefungwa, maana hufungwa saa moja kamili. Kila mmoja amepoteza ujira wa siku na kuandikiwa onyo. Watu sitini na watatu. Kiwanda kilileta vibarua kutoka mjini kabla ya saa nne, na kuku wakaendelea kukatwa.

Waliporudi waliniuliza nani kanituma. Nikasema nimefanya kwa ajili ya Kimya. Mtu wa chumba cha tano, ambaye ana mtoto hospitalini na alikuwa na onyo moja tayari, akasema, "Kimya alikuomba?" Nikasema hapana. "Mimi je, uliniuliza?" Akanirushia kiatu. Alilenga vizuri.

Msimamizi nilimwambia nilipitiwa na usingizi. Aliniandikia onyo, na nadhani aliniamini, kwa sababu hakuna mwamshaji mwingine anayekubali ujira huu.

Jioni nilikwenda kumwona Kimya hospitalini. Mkono wameufunga kama mkate. Akaniangalia jicho langu akacheka, kisha akaacha. "Siku ya kuniacha nilale uliniamsha," akasema. "Siku ya kuwaamsha, umewaacha walale. Ndugu yangu, kazi hii uliisomea wapi?" Nikamwambia nilifikiri namsaidia. Akasema, "Sasa nina vidole saba, na watu sitini na watatu wananichukia bila kosa. Ungekuja kuniuliza ningekwambia nataka nini."

Sikuwahi kumwuliza. Nilijua kila asubuhi miguu yake iko wapi, na sikuwahi kumwuliza anataka nini.

Ripoti ya hospitali imechelewa, kwa hiyo kikao cha bima kimesogezwa mpaka 23 Julai. Mpaka siku hiyo karatasi yao inanisubiri.

Nina swali moja, na sitaki hotuba. Wale thelathini na moja, uliwauliza?

Mwanao.

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mkeo na mtoto ni wazima. Mimi pia. Pole na jicho.

Nimechelewa kujibu. Niliandika majibu mengi, mazuri, yenye mifano ya historia, nikayachana. Jibu ni hapana.

Niliwajua wote. Nilijua wanaonewa, nilijua wana hasira, nikajua kwa hiyo wako pamoja nami. Niliyaandika majina kwa mwandiko wangu mmoja, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Niliona ni kupoteza muda kuzunguka milango thelathini na moja kuuliza kitu ambacho jibu lake nilikuwa nalo.

Juzi nilikwenda kwa Fundi Mitambo. Mitaa miwili tu, lakini nilipumzika njiani mara mbili. Alikuwa nje anatengeneza feni. Akanitazama akasema, "Umekuja na karatasi?" Nikasema sina. "Basi kaa."

Nilimwambia nilichokuja kusema. Ilibidi anijibu kwa kupiga kelele kwa sababu ya sikio, kwa hiyo mtaa mzima una habari. Akasema, "Ungeniuliza, ningekubali! Ningeandika jina langu mwenyewe, tena juu ya lako! Wewe uliniandika kama mtu anavyoandika mzigo." Akafunga parafujo moja, akaendelea. "Nilifukuzwa kazi kwa jambo ninaloliamini. Mwanamume akifukuzwa hivyo hutembea kifua mbele. Mimi miaka kumi na tisa sijatembea hivyo hata siku moja, maana jambo lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa lako."

Nilimshikia feni akamaliza.

Mwanangu, kwa mabwana bado nina maneno. Sijalegea hata kidogo, na wakisoma barua hii wajue hivyo. Lakini kwako wewe, kwa tarehe 23, sina ushauri.

Baba yako.

22 Julai

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mzima, jicho limepona. Mwambie mke wangu asifunge mizigo, na asifungue iliyofungwa.

Nilianza na Kimya. Nilimwuliza anataka nini. Alifikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo sikujua analiweza. Akasema hataki kiwanda kifungwe, hataki mtu apoteze siku. Anataka kazi ya kukaa, kwenye mizani, ambayo mtu mwenye vidole saba anaiweza. Na anataka iandikwe kwamba alikuwa anaumwa, kwa sababu alikuwa anaumwa. "Basi," akasema. "Mengine ni yako na baba yako."

Kisha nikapita vyumbani. Nilikwenda alasiri, watu wamesharudi na kuoga. Nilibisha nikangoja kufunguliwa, na wengi walishangaa kwamba naweza kungoja. Nilimwuliza kila mtu mambo mawili: kama asubuhi ile alimwona Kimya, na kama yuko tayari kuandika alichokiona na kuweka jina lake. Niliwaeleza kinachoweza kuwapata. Sikukipunguza. Ilinichukua siku kumi na mbili.

Thelathini na saba wamekubali. Kumi na tisa wamekataa. Saba hawakunifungulia. Wa chumba cha tano, aliyenirushia kiatu, amekataa. Alinikaribisha kiti akaniambia sababu, ni yule mtoto hospitalini, na mimi nisingeweza kumpinga. Nilipotoka akasema, "Leo angalau umeuliza."

Thelathini na saba wameandika kila mtu kwa mkono wake. Wengine mistari miwili, mmoja ameandika kurasa tatu na kumtaja kuku mmoja mmoja. Mwalimu alitusaidia kuandika ukurasa wa mbele kwa Kiingereza. Kitenzi kimo. Alitaka kuweka neno jepesi zaidi, nikamwomba aliache hilo, kwa sababu ndilo lililochaguliwa na kampuni yenyewe. Tumeandika kwamba nilimwamsha akiwa anaumwa, kwa amri, mbele ya msimamizi, na kwamba chaki nilichora mimi. Hiyo ya mwisho niliitaka mimi. Jina langu ni la thelathini na nane.

Karatasi yao nimeirudisha leo mchana bila sahihi. Msimamizi aliipokea, akaniuliza kama najua maana yake. Nikasema nimesoma darasani.

Kikao ni kesho saa tatu, kwenye ofisi ya bima mjini; kiwandani ni siku ya mapumziko, hakuna anayelazimika kuamka. Thelathini na saba wameniomba niwabishie saa kumi na mbili ili tuende pamoja. Jioni hii, wakati naandika, mtu wa chumba cha tano amebisha kwangu. Nikadhani amebadili mawazo. Akasema hapana, jina haweki, na wale wengine waliokataa pia hawaweki, wamekubaliana.

"Ila utubishie na sisi," akasema. "Tutasimama ng'ambo ya barabara. Tunataka kuona."

Nimemwuliza saa ngapi.

Mwanao.